Usingizi wa Alief

Garland, 17 Agosti 2025

Dada yangu Prudensia,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti limeacha kukusumbua kwenye zile ngazi za kazini. Queen hajambo? Mwambie mjomba wake bado anasubiri picha ya chuo aliyomwahidi tangu Juni. Mimi sijambo kwa kusimama. Kwa kulala ni habari nyingine, na ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi kutoka kwa mtu aliye saa nne tu kwa gari. Lakini kwa simu mimi na wewe hatumalizi dakika mbili. Utaniuliza kama nimekula, nitakasirika, utasema nimekasirika kwa sababu sijala. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza.

Dada, nimeamua kuliomba jeshi la huku libadilishe cheti changu. Unajua kilivyoandikwa: nimeachishwa kwa mwenendo mbaya, dawa za kulevya, bila heshima. Ipo bodi inayopitia vyeti vya namna hiyo, na mtu hupewa miaka kumi na mitano ya kuifikia. Yangu inaisha tarehe 9 Desemba mwaka huu. Baada ya hapo kuna njia nyingine, lakini wanaoijua wanasema ni ndefu na wengi huishia humo humo.

Ninasaidiwa na binti mmoja wa Kikenya, Whitney, wakili wa kituo cha msaada wa sheria huku Dallas. Hatozi kitu. Ananiita Uncle kwa adabu zote, ila akiuliza swali huna pa kukimbilia.

Utaniuliza kwa nini sasa. Wiki mbili zilizopita nilisinzia juu ya foklifti, saa nne asubuhi, ghala zima likiwa na watu. Uma za mashine ziliingia kwenye shehena ya sabuni. Hakuna aliyeumia, ila msimamizi kanipa onyo kwa maandishi na kusema ikitokea tena nisirudi. Nikaenda hospitali ya askari wastaafu kuomba kutibiwa huu usingizi. Mama wa mapokezi alisoma cheti changu, akakisukuma kunirudishia kwa kidole kimoja. Alikuwa mpole kabisa. Nilitamani angenitukana.

Whitney anataka barua ya mtu aliyeniona baada ya kurudi vitani Kandahar na kabla ya kile kipimo cha mkojo. Mtu huyo ni wewe peke yako. Nilikuja kwako Alief Jumamosi, nikakaa hadi Jumatatu, Jumanne tukapimwa kambini. Andika tu ulichokiona: kwamba nilikuwa silali, na kwamba sikuwa mtu wa dawa. Ukurasa mmoja unatosha.

Mdogo wako,
Gelasius

*

Alief, Houston, 7 Septemba 2025

Mdogo wangu Gela,

Marahaba. Nimefurahi kuona mwandiko wako, bado unaandika herufi ya g kama mkia wa mbuzi. Sisi wazima, tunamshukuru Mungu. Goti ni lilelile. Queen yuko chuoni, anarudi nyumbani Jumamosi na mfuko wa nguo chafu, nguo zikikauka anaondoka. Ndiyo elimu ya siku hizi.

Hapa kuna mambo mengi. Wamenipandisha, sasa ni msimamizi wa wauguzi wa jengo zima, wazee tisini na sita. Kwaya yetu inajiandaa kwa misa ya Watanzania mwezi wa kumi, na aliyepewa kuimba peke yake hana sauti, ana kiburi tu. Mama ametuma senene wa kukaanga kwa mtu aliyekuja kutoka Bukoba. Nimekuwekea kopo zima, na Queen kaapishwa asiliguse.

Kuhusu hilo la bodi, mimi nakuombea. Lakini yaliyopita si ndwele, Gela. Una kazi, una afya ya kutosha, una watu wanaokupenda. Kila ukilifungua hilo jeraha unakonda. Kama tatizo ni usingizi, acha kahawa mchana, kunywa maziwa ya moto. Naweza kukuulizia kliniki ya bei nafuu huko kwenu.

Samahani nimechelewa kujibu, kazi.

Dada yako,
Prudensia

*

Garland, 15 Septemba 2025

Dada Prudensia,

Shikamoo. Hongera ya cheo, umekistahili. Senene nitawafuata mwenyewe. Nisalimie Queen.

Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta jibu la swali langu, nimekuta kwaya. Dada, yaliyopita kwangu ndiyo ndwele yenyewe. Kila nikiomba kazi ya maana wanaomba cheti. Padre aliponitaka niwe mlezi wa vijana wa parokia, mtu alimnong'oneza, na padre akasahau kwamba aliniomba. Maziwa ya moto nimekunywa miaka kumi na mitano.

Sasa nikwambie jambo. Whitney anasema bodi itauliza swali moja kabla ya yote: ile dawa iliingiaje mwilini mwako? Ilikuwa kodeini, ile ya dawa ya kikohozi, unakumbuka. Ukisema hujui, wanasema kila mtu husema hajui. Kwa hiyo nimekaa nikafikiri, na nimepata jibu. Patroba.

Unamkumbuka, yule Mluhya tuliyelala naye chumba kimoja kambini, ambaye alikuja kunichukua kwako Jumatatu ile na gari lake, ukampa chakula akala mpaka ukacheka. Njiani alinipa soda, chupa ilikwisha funguliwa. Unajua vijana wa Houston walivyokuwa wakichanganya dawa ya kikohozi kwenye soda. Nilikunywa, na sikumbuki safari. Tulipopimwa, mimi nilikutwa nayo, yeye hapana. Nilimuuliza usoni, akanyamaza. Hakukana, hakukubali. Tangu siku hiyo sijasema naye.

Nimeandika hayo kwenye maelezo yangu. Whitney anasema jina lake likiingia, jeshi linaweza kumfungulia uchunguzi, maana yeye bado yumo, ni sajenti, amebakiza mwaka mmoja na kitu apate pensheni. Nimemwambia Whitney mimi nimebakiza siku themanini na tano.

Naiomba barua yako, dada. Safari hii usiniletee kwaya.

Mdogo wako,
Gelasius

*

Alief, 28 Septemba 2025

Gela,

Marahaba. Natumaini u mzima.

Usimtaje Patroba. Nakuomba kama dada yako mkubwa. Huna ushahidi, na kumsingizia mtu ni dhambi hata kama umeumizwa. Yule kijana alikula nyumbani kwangu, alikaa na Queen akimfundisha kuhesabu kwa vidole. Mtu wa namna ile hamwekei mwenzake kitu kwenye soda. Andika kwamba hujui. Hujui kweli.

Nimekuwekea ndani ya bahasha barua uliyoitaka. Nimeisaini.

Dada yako,
Prudensia

*

Garland, 6 Oktoba 2025

Dada,

Shikamoo. Habari za kazi, habari za Queen.

Barua imefika. Unasema mimi ni mtu mwenye upendo, ninayemcha Mungu, ninayewasaidia majirani, na kwamba mama yetu alinilea kwa maadili. Whitney aliisoma akanitazama, akasema, "Uncle, hii si ya bodi, hii ni ya matanga. Huyu dada yako alikuwa hapo kweli?"

Nilimwambia ulikuwapo. Nikamweleza ile Jumamosi kama ninavyoikumbuka, na ni vipande tu. Nakumbuka maputo ukutani, ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa ya Queen, anatimiza minne. Nakumbuka kikombe cha uji wa ulezi wenye tangawizi, nikakwambia ni uji wa Mama. Halafu nililala. Dada, tangu Kandahar nilikuwa sijalala zaidi ya saa mbili mfululizo, na kwako nililala tangu mchana wa Jumamosi mpaka Jumapili watu wanakwenda misa ya kwanza. Nilipoamka ulikuwa umekaa kwenye kiti kando yangu na saa mkononi. Nikajiambia, hivi ndivyo nyumbani kulivyo.

Sijawahi kukwambia hili. Nilipohamia Garland nilinunua ulezi uleule, tangawizi ileile, nikapika kwa vipimo vyako. Sikulala. Nimejaribu mara nyingi, na mara zote nimeishia kunywa sufuria nzima na kuangalia dari. Nikakata shauri kwamba kilichonilaza hakikuwa uji, kilikuwa kuwa karibu na dada yangu.

Hilo ndilo ninalotaka uandike. Kwamba nilikuja mgonjwa, na kwako nikalala. Bodi ikiona kwamba nilihitaji kupumzika tu na kutibiwa, itaelewa. Si lazima utaje maputo. Andika tu yale uliyoyaona kwa macho yako, tangu nilipoingia mlangoni mpaka nilipotoka. Kwa nini linakuwa gumu hivi?

Mdogo wako,
Gelasius

*

Garland, 27 Oktoba 2025

Prudensia,

Wiki tatu, kimya. Nimepiga simu mara sita. Jumamosi nimeendesha gari mpaka Alief. Queen alifungua mlango nusu, akasema, "Uncle, Mom yuko kazini." Gari lako lilikuwa mbele ya nyumba, na jikoni nilisikia mtu akifunga maji ya bomba. Sikutaka kumfanya mtoto aseme uongo mara mbili, nikaondoka. Hata senene hakunipa.

Unaniogopa nini? Nimekukosea nini mimi, hata unijibu kwa kujificha?

Whitney anafunga faili kabla ya sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba. Jina la Patroba limo, na litabaki. Kama dada yangu hawezi kusema alichokiona, basi nitasema mimi ninachokijua.

Gelasius

*

Alief, 3 Novemba 2025

Gelasius mdogo wangu,

Barua yako ya mwisho haikuwa na shikamoo. Nimeliona hilo kabla ya mengine yote. Nakuitikia hivyohivyo: marahaba.

Mimi mzima, Queen mzima. Kaa chini ndipo uendelee kusoma.

Patroba hakukuwekea kitu. Ni mimi.

Jumamosi ile ulifika asubuhi. Watoto wa jirani walikuwa sebuleni wanapuliza maputo, puto moja likapasuka. Ulimrukia Queen, ukamwingiza chini ya meza, ukamlalia kwa mwili wako wote ukipiga kelele kwa Kiingereza cha kijeshi. Mtoto alikuwa anakosa pumzi. Nilikuvuta mpaka shati likachanika. Ulipomwachia, ulikaa sakafuni, ukaniambia, "Dada, usimwambie mtu." Niliwarudisha watoto kwao. Sijui kama unayakumbuka hayo. Hujawahi kuyataja, na mimi nilitii, sikumwambia mtu.

Niliogopa, Gela. Ningekuwa na akili ningekupeleka hospitali saa ileile. Badala yake nilikwambia usiende, usikubali kuandikwa popote kwamba kichwa kina shida. Kwetu mtu akishaitwa kichaa, hata akipona hapewi mke wala ng'ombe wa kuchunga. Nikadhani jeshi nalo ni kama kwetu. Nikajiambia, hili ni la nyumbani, tulimalize nyumbani. Mimi si muuguzi?

Wala sikuwa muuguzi bado. Nilikuwa msaidizi, nahudumia wagonjwa majumbani kwao. Bibi mmoja niliyemtunza alikuwa amefariki Alhamisi ya wiki hiyo. Dawa za marehemu humwagwa watu wawili wakishuhudia na wote husaini. Tulizimwaga, tukasaini. Moja ilibaki kwenye mfuko wa aproni yangu, chupa ya kikohozi yenye kodeini. Nilikuwa nimeisahau kweli. Jumamosi nikaikumbuka.

Nilipika uji, nikazidisha tangawizi na sukari, nikatia vijiko vitatu. Ulipolala nilikaa na saa nikihesabu pumzi zako, kwa sababu nilijua dawa ile ikizidi huzima pumzi. Ndiyo saa uliyoiona mkononi mwangu. Jumapili nilikupa tena. Jumatatu, Patroba alipofika, nilikuwekea kijiko kimoja kwenye chai ili usafiri umetulia. Alikuwa mezani. Nilimpa mgongo.

Wiki mbili baadaye ulinipigia simu ukalia, ukasema mkojo wako umekutwa na kodeini. Mimi nilikuwa nasubiri majibu ya mtihani wa leseni. Nilijiambia watakuonya tu, wataona rekodi yako nzuri. Halafu wakakutoa, nami nikajiambia sasa imekwisha, kusema hakutakurudisha. Kila mwaka nilikuwa na sababu mpya. Ulipouliza, "Dada, unaniamini?" nilikujibu nakuamini. Nilikuwa mtu pekee duniani mwenye hakika.

Na ulipoandika juu ya kununua ulezi na tangawizi, nilishindwa kumaliza ukurasa. Ndiyo wiki zile tatu.

Ndani ya bahasha kuna maelezo yangu, kurasa nne, nimeapa mbele ya mthibitishaji wa viapo na mhuri upo. Nimeandika kila kitu, pamoja na shati. Yakifika bodini yanaweza kufika kwa watu wa leseni, nami naweza kuvuliwa uuguzi. Hilo ni langu. Ukitaka yapeleke, ukitaka yachome. Sikuombi msamaha kwenye karatasi, ningeona haya.

Ila jina la Patroba litoe. Leo.

Dada yako,
Prudensia

*

Alief, 20 Novemba 2025

Gela,

Marahaba, ingawa hukuniamkia.

Posta wanasema bahasha ilipokelewa tarehe 6, na kuna sahihi yako. Siku kumi na nne zimepita. Sikuulizi unaniwaza nini. Niambie tu kama u mzima, na kama unakula. Ndiyo, nimeuliza tena kama unakula.

Mama kapiga simu Jumapili akasema mbona Gela hapokei. Nilimwambia una kazi nyingi. Nimechoka kusema uongo mdogomdogo juu yako.

Zimebaki siku kumi na tisa. Whitney anazo karatasi zangu au hana? Niandikie hata mstari mmoja. Nitumie hata bahasha tupu, nitajua mkono wako ulibandika stempu.

Dada yako,
Prudensia

*

Garland, 4 Desemba 2025

Prudensia,

Niko mzima. Ninakula.

Nilipomaliza kusoma barua yako nilichukua ule mfuko wa ulezi nikautupa kwenye pipa la taka la nje. Kisha nikarudi nikaukanyaga mpaka ukapasuka, mzee wa jirani akasimama na mbwa wake akinitazama. Umeona nilivyo? Miaka kumi na mitano nimeutafuta usingizi ule. Nilikataa kuoa kwa sababu yake. Nilijiambia nikioa nitalala na mtu ambaye si nyumbani. Kumbe ulikuwa kwenye chupa ya marehemu.

Siku ya tatu nilikwenda Fort Worth kwa Patroba. Yuko likizo, mkewe anafanya kazi hospitali huko. Nilisimama mlangoni nikiwa sijui mtu huanzaje. Yeye alianza. "Gela. Umezeeka, bro." Tukakaa gereji kwenye viti vya plastiki. Nilimweleza yote, na jinsi nilivyokuwa nimeliandika jina lake. Alisikiliza, akasema, "Mimi nilikuwa medic, nikitibu watu wa kikosi, wewe. Hiyo siku uliingia kwa gari macho yamekuwa madogo, unaongea polepole. Nilikupa soda usilale vibaya. Nilijua hiyo kitu imetoka kwa dada yako."

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza nilipomshtaki usoni. Akasema, "Ningesema, ungebaki na nani? Rafiki unaweza kupata mwingine hata kesho. Dada huwezi."

Dada, nililia kwenye gereji ya watu. Mtoto wake mmoja akaja kuchukua baiskeli, akageuza akarudi ndani.

Sasa sikiliza. Jina la Patroba nimelifuta. Karatasi zako zimo ndani ya Biblia, Whitney hajaziona. Jana nimesaini maelezo mapya. Alipouliza dawa ile iliingiaje mwilini mwangu, nimeandika kwamba sijui. Atayatuma Jumanne tarehe 9 saa tatu asubuhi, siku ya mwisho, kwa sababu bado anasubiri karatasi moja kutoka kwa daktari. Amenionya kwamba bila shahidi sina nafasi kubwa.

Miaka kumi na mitano nilisema kweli nikaitwa mwongo. Jana nimesema uongo wangu wa kwanza katika jambo hili, na chini yake kuna sahihi yangu.

Usifikiri nimekusamehe. Sijakusamehe, na sijui kama nitaweza. Lakini wewe ndiye uliyenisomesha kwa mshahara wa kuosha wazee. Queen ana miaka mitatu mbele yake chuoni, na paa la Mama linaezekwa kwa leseni hiyohiyo. Siwezi kununua jina langu kwa kukuvua lako. Basi tuishie hapo. Usinijibu.

Gelasius

*

Garland, mbele ya mlango wako, 9 Desemba 2025, saa moja asubuhi

Gela,

Marahaba.

Barua yako niliipata jana nikitoka kazini. Ulisema nisijibu, nami tangu lini nikafanya unavyosema? Nimeendesha gari kuja. Karatasi hii naisukuma chini ya mlango, kwa sababu nikikuona uso nitaanza kukuuliza kama umekula.

Umekosea hesabu, mdogo wangu. Unadhani kuna kitu bado cha kunilinda. Jana jioni, kabla sijawasha gari, niliwaandikia watu wa leseni mimi mwenyewe. Niliwaeleza chupa, marehemu, sahihi niliyoweka, na uji. Ujumbe umekwenda, na wamejibu kwamba wameupokea. Kwa hiyo uongo wako haumfichi mtu tena. Unakuumiza wewe tu.

Queen nilimwambia kwa simu kabla sijaanza safari. Akaniuliza, "So that was the table?" Kumbe anaikumbuka ile meza. Miaka yote hii hajui kwa nini huwa hapendi kukaa chini ya kitu. Akasema nikwambie kwamba yeye hakuumia.

Nakala ya maelezo yangu iko hapa kwenye kiti cha gari, na mhuri wake. Whitney anafungua saa tatu. Kata lile neno sijui, andika kweli, mimi nitakaa kando yako na akitaka kuniuliza aniulize. Usipofungua mlango nitasubiri mpaka saa mbili na nusu, kisha nitampelekea mwenyewe. Anuani yake ninayo. Ukinikasirikia kwa hilo, utakuwa umepata sababu moja zaidi, na nafasi bado ipo.

Nimekuletea senene. Uji sijaleta.

Dada yako,
Prudensia

*

(Nyuma ya karatasi ileile)

Shikamoo, dada.

Mlango haujafungwa. Ingia ndani, nje kuna baridi na goti lako linajulikana.

Chai nitapika mimi.

Mdogo wako,
Gela